"Claim", "argue" au "show"? Namna ya kuchagua kitenzi cha kunukulia kauli ya mtafiti mwingine

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari na ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kwa Kiingereza. Msimamizi wangu amenirudishia sura ya mapitio ya maandiko akiwa amezungushia wino mwekundu kila "claim" niliyoandika, na pembeni ameuliza: "Una uhakika?" Mimi nilikuwa ninabadilisha vitenzi ili nisirudie "say" katika kila sentensi. Je, "claim", "argue", "state", "show" na "prove" si maneno ya maana moja? Nakuwekea aya yangu uitazame. Makala ya mwaka 1969 sikuipata yenyewe. Niliyoyaandika juu yake nimeyatoa katika kitabu cha kiada.

Aya yenyewe: "Aristotle admits that water which was heated before freezes quickly. Mpemba and Osborne (1969) claim that hot water can freeze faster than cold water. Burridge and Linden (2016) refute this claim. However, Kumar and Bechhoefer (2020) prove that hot water freezes faster. According to Osborne, he emphasizes on the need for teachers to not laugh at students' questions."

Jibu:

Mwalimu, nimeisoma aya yako mara mbili na ninakubaliana na msimamizi wako. Vitenzi ulivyovitaja haviwezi kupokezana nafasi, kwa sababu kila kimoja hubeba mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kinamweleza msomaji mwandishi unayemnukuu alifanya nini hasa: alipima, alisimulia, alikisia, alitetea hoja au alionya. Pili, kinamweleza wewe umeipokeaje kauli yake. Hilo la pili ndilo linalowaponyoka wengi, kwa kuwa neno "mimi" halionekani popote katika sentensi. Ukiandika "Mpemba and Osborne claim", unadhani hujasema lolote juu yako, lakini msomaji wa Kiingereza ameshakusikia ukimwambia kwamba hayo ni maneno ya hao wawili na kwamba wewe huwawekei dhamana. Msimamizi wako aliuliza "Una uhakika?" kwa sababu hiyo hiyo: alitaka kujua kama kweli ulikusudia kuwatilia shaka.

Kiswahili nacho kina mizani hii, ila tumeiweka mahali pengine. Mtu akikwambia, "Juma amesema gari limefika," ameleta habari na ameishia hapo. Akikwambia, "Eti gari limefika," ameleta habari ile ile huku akijiengua, ili gari likikosekana asilaumiwe yeye. Akikwambia, "Kumbe gari limefika!" ameipokea habari kuwa ni kweli na anataka nawe uipokee hivyo. Maneno "eti" na "kumbe" hayaongezi chochote kuhusu gari. Kazi yao ni kuonyesha msemaji amesimama wapi. Kiingereza cha kitaaluma hakina neno dogo la namna hiyo la kutanguliza mwanzoni mwa sentensi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kitenzi chenyewe. "Claim" na "allege" vina "eti" ndani yake. "Show", "demonstrate", "point out", "reveal" na "note" vina "kumbe". Katikati wamekaa kina "state", "report", "argue", "suggest" na "propose", ambavyo hufikisha kauli ya mtu bila wewe kuikana wala kuiidhinisha.

Kwa hiyo kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: kabla ya kuandika sentensi kwa Kiingereza, itamke kauli ya mtafiti kwa Kiswahili, uone kama moyoni mwako inataka kutanguliwa na "eti", na "kumbe", au na "kwamba" tupu. Ukishalijua hilo, kundi la vitenzi utakavyochagua limeshajulikana, na kilichobaki ni kuangalia mtafiti mwenyewe alifanya kazi gani.

Wanaisimu wameliona jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1970 Paul Kiparsky na Carol Kiparsky walichapisha makala juu ya vitenzi ambavyo, vikitumiwa, msemaji huchukulia kwamba kauli inayofuata ni kweli. Mwaka 1991 Geoff Thompson na Ye Yiyun wakachambua vitenzi vya aina hii katika makala za kitaaluma, na wakatenganisha msimamo wa mwandishi anayenukuliwa na msimamo wa mwandishi anayenukuu. Katika mpangilio wao "claim" kimewekwa miongoni mwa vitenzi ambavyo mwandishi anayenukuu haonyeshi wazi kama anakubali au anakataa. Nalitaja hili kwa makusudi, ili usije ukadhani kwamba "claim" maana yake ni "amesema uongo". Kitenzi hiki hakisemi kwamba kauli ni ya uongo. Kinasema tu kwamba kauli imetolewa na bado haijasimamiwa na ushahidi unaoridhika nao. Shaka inayoandamana nacho imetokana na jinsi watu walivyozoea kukitumia, na msomaji makini huisikia hata pale usipoikusudia.

Hapa kamusi za Kiingereza na Kiswahili zimekuponza kidogo. "Claim" hutafsiriwa "dai", na "kudai" kwetu ni neno lenye nyuso mbili. Mwenye duka anamdai mteja wake fedha, na hapo hakuna shaka yoyote, ni haki yake. Lakini gazeti likiandika kwamba mtu fulani "anadaiwa kuiba ng'ombe", mhariri amelichagua neno hilo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mahakama haijasema lolote na gazeti halitaki kubeba lawama. "Claim" unapokiweka mbele ya kauli ya mtafiti kinafanana na huo uso wa pili, ule wa gazeti na mahakama. Mtafiti aliyekaa maabara, akapima, akaandika vipimo vyake na kueleza njia aliyoitumia, hastahili kuandikwa kama mshukiwa aliyefikishwa kituoni, labda uwe na sababu ya kumtilia shaka na uitaje sababu hiyo katika sentensi inayofuata. Hapo "claim" kitakuwa mahali pake: "X claims that the method works in all schools, but the data come from only two." Msomaji ameona shaka, na papo hapo ameona ilikotoka.

Nadhani ninajua pia kwa nini hukukitumia "argue". Tulijifunza neno hilo shule ya msingi kwa maana ya kubishana, na anayebishana na mwalimu wake hana adabu. Kwa hiyo mwanafunzi anaona vibaya kuandika kwamba profesa "argues", kana kwamba amemwita mgomvi, akakimbilia "claims" akidhani ndilo neno la heshima. Heshima iko upande wa pili kabisa. "Argue that" ni kutoa hoja: ni kusema jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulipinga, na kulitetea kwa sababu. Kumwandikia mtu "argues" ni kumkubalia kwamba alikuja na sababu mkononi. Lakini nalo lina masharti yake. Lazima hoja iwepo. Huwezi kuandika kwamba mtu "argues" kuwa maji huchemka kwa nyuzijoto 100 katika kanieneo ya kawaida, maana hapo hakuna ubishi wa kutetewa. Wala kwamba jedwali la takwimu "argues" jambo lolote.

Fani nazo zina desturi zake. Ken Hyland, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999 juu ya namna waandishi wa fani mbalimbali wanavyonukuu wenzao, aliona kwamba wanafalsafa hupendelea vitenzi vya mjadala, kama "argue", "suggest" na hata "claim", ilhali wanasayansi wa maumbile hupendelea vitenzi vya kazi ya utafiti, kama "report", "find" na "show". Wewe, Mwalimu, umesimama katikati ya fizikia na elimu. Unapoeleza majaribio ya fizikia, fuata desturi ya wanafizikia. Unapoeleza nadharia za ufundishaji, "argue" na "suggest" vitakufaa zaidi.

Sasa tuingie katika aya yako. Kisa cha Erasto Mpemba wewe unakijua, lakini nakirudia kwa ufupi kwa kuwa kitenzi hakiwezi kuchaguliwa kabla ya kujua nani alifanya nini. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, ambako wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi katika friza ilikuwa inakwisha. Mwenzake aliweka mchanganyiko wake bila kuuchemsha, na Mpemba akauweka wa kwake ukiwa bado wa moto. Baada ya saa moja na nusu wa Mpemba ulikuwa umeganda na wa mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba alichanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ametembelea shule yao: kwa nini maji ya nyuzijoto 100 huganda kabla ya maji ya nyuzijoto 35 yakiwekwa kwenye friza moja? Wenzake walicheka. Osborne hakulitupa swali. Alilipeleka maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education.

Ona basi ulichomfanyia Mpemba kwa neno moja. Alipokuwa kidato cha tatu aliambiwa amechanganyikiwa. Miaka zaidi ya hamsini baada ya makala kuchapishwa, kitenzi chako bado kinamsimamisha mlangoni na "eti". Ninajua hukukusudia hivyo, na ndiyo maana ninakuandikia kwa urefu. Makala ile ina sehemu mbili zenye sauti mbili. Katika sehemu ya kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe yaliyomtokea, na kitenzi cha kusimulia ni "recount" au "describe". Katika sehemu ya pili Osborne anatoa matokeo ya majaribio: walitumia maji ya sentimita za ujazo 70 katika bika, na maji yaliyoanza na nyuzijoto 25 ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda, ilhali yaliyoanza na takriban nyuzijoto 90 yalichukua muda mfupi zaidi sana. Kitenzi cha kutoa matokeo ni "report". Mimi ningekichagua hicho, na nisingepanda hadi "show", kwa sababu utafiti uliofuata umelizua upya swali, na wewe mwenyewe katika sentensi inayofuata unamleta mtu anayepinga. Ukiandika "show" umesema "kumbe", halafu mstari wa pili unasema "lakini huenda sivyo". Msomaji atakuuliza umesimama wapi.

Sentensi yako ya kwanza ina kosa la aina nyingine. "Admit" ni kukiri, na mtu hukiri jambo ambalo lingemfaa zaidi likibaki limefichwa: mwizi hukiri kuiba, na mtafiti hukiri kwamba sampuli yake ilikuwa ndogo. Aristotle hakuwa na la kuficha aliposema kwamba maji yaliyopashwa moto kabla huganda upesi. Alilitaja kama jambo linalojulikana na akalitafutia maelezo. Ndugu zake "admit" ni "acknowledge" na "concede", ambavyo ni laini zaidi lakini vyote vitatu vinaashiria kwamba kauli ni kweli na kwamba kwa namna fulani inamwelemea msemaji au inampa mpinzani wake nafasi. Kwa Aristotle andika "states". Uepuke "observes" hapo, maana kitenzi hicho kina maana ya kutoa kauli na maana ya kuona kwa macho, na msomaji anaweza kudhani kwamba Aristotle alifanya jaribio.

"Refute" ndicho kitenzi kilichonisumbua zaidi katika aya yako, na kosa lake hata wazawa wa Kiingereza hulifanya. Kwa maana yake ya asili, "refute" ni kuthibitisha kwamba kauli fulani si ya kweli: kuivunja kabisa, isisimame tena. Siku hizi waandishi wa habari hukitumia kwa maana ya kukanusha tu, na waandishi wa miongozo ya lugha hulilalamikia jambo hilo, kwa sababu kukanusha ni rahisi na kuvunja hoja ni kazi. Katika tasnifu, msomaji wako atakichukua kwa maana nzito. Je, Burridge na Linden waliivunja kauli ya Mpemba na Osborne? Walichokifanya ni kupima muda ambao maji huchukua kupoa hadi kufikia nyuzi sifuri, bila kungoja yagande, wakaonyesha pia kwamba tofauti ndogo ya mahali unapokiweka kipimajoto inaweza kuleta matokeo ya kupotosha, kisha wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha wa kuwepo kwa tukio hilo. Hiyo ni changamoto nzito, lakini Osborne alipima muda wa kuanza kuganda, na wao walipima muda wa kupoa. Wenyewe, katika kichwa cha makala yao, wametumia "questioning". Mwandishi akishajichagulia kitenzi cha kazi yake, usimpandishe cheo bila sababu: andika "question", "dispute" au "challenge", na baada yake "conclude that" kwa hitimisho lao.

Kuhusu Kumar na Bechhoefer, kitenzi na kauli vyote viwili vina kasoro. "Prove" ni cha wanahisabati na, kwa kiasi fulani, cha mahakama. Mwanahisabati akithibitisha nadharia, imethibitika. Mwanasayansi anayepima vitu vya dunia hukusanya ushahidi ambao kesho unaweza kurekebishwa, na kwa hiyo huandikiwa "show", "demonstrate", "find" au "provide evidence". Lakini hata ukiondoa "prove" na kuweka "demonstrate", sentensi yako bado si ya kweli, kwa sababu watafiti hao hawakugandisha maji. Makala yao ya mwaka 2020 katika jarida la Nature inahusu mfumo wa chembe ndogo sana iliyo ndani ya maji ("colloidal system"), na waliweza kuonyesha katika mfumo huo kwamba hali iliyoanza na joto zaidi inaweza kupoa haraka zaidi. Ni jambo linalofanana na la Mpemba, lenye nguvu ya ushahidi, ila si lile lile. Kitenzi kizuri hakiwezi kuiokoa kauli iliyonukuliwa vibaya, na kadiri kitenzi kinavyokuwa kizito ndivyo kosa linavyoonekana kwa mbali.

Sentensi yako ya mwisho ina makosa ya sarufi, na hapa nitakwenda haraka. "According to Osborne, he emphasizes" ni kumtaja mtu mara mbili kwa kazi moja. Ukishasema "according to Osborne" taja kauli yenyewe moja kwa moja, au uache "according to" na uanze na "Osborne". "Emphasize on" imetoka katika "kusisitiza juu ya", lakini Kiingereza hakitaki "on" baada ya kitenzi hicho, wala "about" baada ya "discuss" na "mention". Vilevile "discuss", "describe" na "define" havifuatiwi na "that": mtu "discusses the problem", ila hawezi "discuss that". Shida nyingine ya kawaida kwetu inatokana na kiambishi cha kutendea. Tunasema "alinielezea" na "alinipendekezea", na mtu anaingia ndani ya kitenzi bila taabu. Tukihamia Kiingereza tunaandika "he explained me" na "he suggested me to read". Kiingereza kinataka "he explained to me" na "he suggested that I read". Isitoshe, "emphasize" si chaguo zuri kwa maneno ya Osborne. Alichokifanya katika maelezo yake ni kutahadharisha kwamba ni hatari kutoa hukumu ya juu juu kuhusu kinachowezekana na kisichowezekana. Kutahadharisha ni "warn", na kitenzi hicho kinabeba uzito ambao "emphasize" hakikuwa nao.

Hukuniuliza kuhusu nyakati, lakini msimamizi wako atafika hapo. Kama chuo chako kinafuata mtindo wa APA (mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani), mapitio ya maandiko huandikwa kwa wakati uliopita au kwa "has reported", "have shown". Mtindo wa MLA, unaotumiwa sana katika fasihi, hupendelea wakati uliopo. Mtego mkubwa kwa Mswahili uko katika kitenzi cha pili, kile kinachokuja baada ya "that". Kiswahili hakikirudishi nyuma kitenzi hicho: tunasema "alisema kuwa anakuja", na "-na-" inabaki palepale ingawa kusema kulikwisha zamani. Kiingereza hukirudisha, "he said that he was coming", isipokuwa pale ambapo kauli bado inasimama. Katika tasnifu tofauti hiyo ina uzito wa hoja. "Osborne found that the hot water froze sooner" inazungumzia maji yale, katika bika zile, siku ile. "Osborne found that hot water freezes sooner" inaitangaza kuwa kanuni ya maji yote hadi leo, na wewe umeitangaza pamoja naye. Kwa jambo ambalo bado lina ubishi, sentensi ya kwanza ndiyo salama.

Basi aya yako ningeiandika hivi, nikiichukulia kwamba chuo chako kinafuata APA:

"Aristotle stated that water which has previously been warmed freezes more quickly. Mpemba recounted how, as a pupil in 1963, he found his hot ice-cream mixture frozen while a classmate's was still liquid, and Osborne reported that in later tests water starting at about 90°C began to freeze sooner than water starting at 25°C (Mpemba & Osborne, 1969). Burridge and Linden (2016) questioned the effect: having measured the time water took to cool to 0°C, they concluded that there was no convincing evidence for it. Kumar and Bechhoefer (2020), working with a colloidal system rather than with freezing water, demonstrated a comparable effect. Osborne himself warned against hasty judgement about what can and cannot happen (Mpemba & Osborne, 1969)."

Utaona kwamba vitenzi vimetofautiana, lakini hakuna hata kimoja kilichobadilishwa ili kukwepa marudio. Endapo watafiti watatu wote waliripoti vipimo, waandikie "reported" wote watatu bila wasiwasi. Msomaji wa kazi ya sayansi hachoshwi na neno sahihi linalorudi. Ukiona marudio yanaiharibu sauti ya aya, waunganishe watafiti hao katika sentensi moja, au uwaweke kwenye mabano mwishoni na uanze na matokeo yenyewe. Lakini ukiondoa kitenzi kwa njia hiyo, kauli inabaki kuwa yako na mabano yanakuwa ushahidi wako, kwa hiyo fanya hivyo kwa yale tu ambayo uko tayari kuyasema kwa kinywa chako.

Limebaki suala la makala ambayo hukuisoma. Kama Mpemba na Osborne umewapata kupitia kitabu cha kiada, "reported" ya kwangu hapo juu bado si halali kwako, kwa kuwa hujui kama mwandishi wa kitabu ameyahifadhi maneno yao au ameyakuza. Huenda naye aliandika "showed" mahali ambapo Osborne aliripoti tu. Mtindo wa APA unaruhusu uandike "as cited in" pamoja na jina la mwandishi wa kitabu na mwaka wake, na katika orodha ya marejeo ukiweke kitabu ulichokisoma tu. Lakini kwa kazi ambayo imemweka Mpemba katikati ya sura nzima, njia hiyo haitoshi. Makala iko katika juzuu la 4 la Physics Education, kuanzia ukurasa wa 172 hadi wa 175. Ni kurasa nne, na mkutubi wa chuo chako anaweza kukusaidia kuipata. Isome kabla ya kumrudishia msimamizi sura yako, kisha upitie kila kitenzi ulichomwekea Mpemba na kila ulichomwekea Osborne, kwa kuwa baadhi ya hivyo huenda utavibadilisha tena.